Nani alimuua Goliathi? Jibu kwa mwanafunzi wa theolojia anayeogopa uhakiki wa Biblia

"Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanafunzi wa theolojia, mwaka wa pili. Wazazi wangu walitoka Kongo na tunaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Baba ni mwinjilisti katika kanisa letu, mtu wa Uamsho kabisa. Muhula huu tunasoma uhakiki wa Biblia. Mhadhiri alitusomea 1 Samweli 17, kisha akatufungulia 2 Samweli 21:19, ambapo Elhanani ndiye anayemuua Goliathi. Ametupa insha: nani alimuua? Nilipomweleza baba kwa simu alinyamaza, halafu akasema hiyo ni sumu ya wazungu, na kama ndiyo ninayolipiwa karo basi nirudi nyumbani. Tangu hapo silali vizuri. Nikishika Biblia naona makosa tu, siwezi kuomba nayo. Na likizo nimepangiwa kuhubiri kwa vijana, somo walilochagua ni Daudi na Goliathi. Je, njia hizi zinaua imani? Niache chuo niende shule ya Biblia ya muda mfupi? Na huko nyumbani nihubiri nini?"

Amina, ndugu yangu. Asante kwa kuandika bila kuficha, hata yale ya usiku. Nafundisha Agano la Kale na nahubiri pia, kwa hiyo swali lako silitazami kwa mbali. Nasikia ndani yake mambo matatu yaliyoshikana: kama ugumu huo ni wa kweli au umetungwa, kama kuuchunguza ni kumsaliti baba yako, na kama mtu aliyekwisha kuuona anaweza tena kusimama mbele ya vijana na Biblia mkononi.

Kwanza ondoa wazo kwamba mhadhiri wako amekuletea kitu kigeni. Elhanani yumo katika Biblia hiyohiyo ambayo baba yako amehubiri kwayo miaka yote. Waliokusanya vitabu vya Samweli waliiacha mistari hiyo yote miwili, na walionakili baada yao wakaitunza, kizazi kwa kizazi. Wewe umesoma sura ya 17 na sura ya 21 kwa siku moja, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi kwa sababu kanisani tunasoma vipande. Uhakiki huanzia hapo, katika kusoma kwa makini kuliko tulivyozoea, na kukataa kupita haraka pale maandishi yenyewe yanapokukwaza.

Fungua tena, uanzie sura ya 16. Daudi analetwa kwa Sauli kupiga kinubi. Sauli anatuma ujumbe kwa Yese kumwomba kijana huyo, anampenda sana, anamfanya mbeba silaha wake. Katika sura ya 17, mstari wa 12, msimulizi anamtambulisha Daudi upya, mwana wa Yese wa Bethlehemu, kana kwamba hatujawahi kumsikia. Na mwishoni, kuanzia mstari wa 55, Sauli anamuuliza Abneri kijana huyu ni mwana wa nani, na Abneri anaapa kwamba hajui. Mfalme amsahau mbeba silaha wake mwenyewe? Tazama pia mstari wa 50: Daudi anamuua Mfilisti kwa kombeo na jiwe, wala hana upanga mkononi. Mstari wa 51 anauchomoa upanga wa Mfilisti, anamuua, anamkata kichwa. Mstari wa 54 kichwa kinapelekwa Yerusalemu, mji ambao Daudi atauteka baadaye sana, katika 2 Samweli 5.

Mtu anaweza kujibu kila moja ya haya peke yake. Labda Sauli alikuwa amechanganyikiwa na ile roho mbaya, labda kichwa kilihifadhiwa. Sitakuzuia kujaribu. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao si wa kukisia, kwa kuwa umeandikwa kwenye ngozi. Mojawapo ya hati kongwe kuliko zote za Biblia nzima ya Kigiriki ni ile inayoitwa Vatikano, ya karne ya 4, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Papa kule Roma. Ndani yake sura ya 17 ni fupi. Mistari ya 12 hadi 31 haimo. Mstari wa 50 haumo. Mistari ya 55 hadi 58 haimo, wala mwanzo wa sura ya 18. Angalia ni ipi iliyokosekana: ni ileile iliyokusumbua, utambulisho wa pili, kifo bila upanga, na swali la Sauli. Ukiiondoa, hadithi inatiririka toka sura ya 16 bila kukwama.

Kuna na jambo la kimo. Maandishi ya Kiebrania tuliyozoea yanampa Goliathi mikono sita na shubiri, karibu mita 3. Kigiriki cha kale kinasema mikono minne na shubiri, kama mita 2. Watu walidhani mfasiri wa Kigiriki alipunguza ili iaminike. Kisha yakapatikana magombo ya Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947. Katika pango la 4 likatoka gombo la Samweli la Kiebrania, la karne ya 1 kabla ya Kristo, na lenyewe linasoma mikono minne. Nakala kamili ya Kiebrania ambayo Biblia nyingi za leo huifuata, ile ya Leningrad, iliandikwa mnamo mwaka 1008, zaidi ya miaka 1000 baadaye. Kwa hiyo mfasiri wa Kigiriki hakupunguza kitu. Alikuwa na Kiebrania mbele yake kilichosema hivyo.

Kazi hii ya kulinganisha hati ili kujua maneno ya awali yalikuwa yapi ndiyo uhakiki wa matini. Bila hiyo baba yako asingekuwa na Biblia, maana kila mfasiri hulazimika kuchagua hati za kufuata.

Hatua ya pili ni kuuliza: mbona nakala moja ni ndefu na nyingine fupi? Hapa ndipo uhakiki wa vyanzo unapoingia, ule unaouliza maandishi yaliunganishwa kutoka masimulizi yapi ya awali, na hapa ningependa uone jinsi wanazuoni wanavyobishana kwa heshima. Mwaka 1986 wanne kati yao, Barthélemy, Gooding, Lust na Tov, walichapisha pamoja mjadala juu ya sura hii hii. Tov na Lust walishikilia kwamba nakala fupi ndiyo ya kale zaidi, na kwamba baadaye mhariri aliiunganisha na simulizi la pili lililokuwa likijitegemea, la kijana mchungaji asiyejulikana na mfalme. Barthélemy, ambaye alikuwa mtawa wa Kidominiko, na Gooding wakashikilia kinyume: nakala ndefu ndiyo ya kale, na mtu fulani aliipunguza baadaye kwa sababu mikinzano hiyo ilimkera kama inavyokukera wewe. Walisomeana hoja, wakajibizana, na hadi mwisho hawakukubaliana. Mimi naegemea kwa Tov, kwa sababu sehemu zilizokosekana zikiwekwa pamoja karibu zinaleta hadithi kamili yenye mwanzo na mwisho, jambo ambalo mkataji angelipata kwa bahati tu. Ila sitamwita mjinga anayesimama na Barthélemy.

Na Elhanani? 2 Samweli 21:19 kwa Kiebrania inasema wazi kwamba Elhanani wa Bethlehemu alimuua Goliathi Mgiti. 1 Mambo ya Nyakati 20:5, kitabu kilichoandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, inasema Elhanani alimuua Lahmi, ndugu yake Goliathi. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliongeza maneno "ndugu wa" ndani ya 2 Samweli na kuyachapa kwa herufi tofauti, ili msomaji ajue hayamo katika Kiebrania. Sasa shuka chini kwenye herufi. Mstari wa Samweli una dalili ya kuharibika: baba yake Elhanani anaitwa Yaare-oregimu, na "oregimu" ni neno lilelile la wafumaji linalofunga mstari, pale mpini wa mkuki unapofananishwa na mti wa wafumaji. Mambo ya Nyakati inamwita Yairi tu. Karibu kila mtu anakubali kwamba jicho la mnakili liliteleza likarudia neno. Kama liliteleza hapo, huenda liliteleza na kwenye jina la aliyeuawa, kwa kuwa "Mbethlehemi" na "Lahmi" kwa Kiebrania yanafanana sana. Hiyo ni hoja ya wanaosema Mambo ya Nyakati imehifadhi maneno sahihi.

Wengine, na ni wengi, wanasema mwandishi wa Mambo ya Nyakati alikutana na ugumu huuhuu, akautatua kwa kuleta ndugu. Kwa maoni yao askari wa kawaida wa Daudi ndiye aliyemuua Goliathi, na baadaye sifa hiyo ikamwendea mfalme, kama inavyotokea kwa wafalme wengi. Pia kuna mapokeo ya Kiyahudi yanayosema Elhanani ni jina jingine la Daudi. Hilo la mwisho naliona dhaifu, kwa sababu sura ya 21 inamtaja Daudi kwa jina lake pembeni kabisa mwa Elhanani.

Umeona? Swali la insha yako halina jibu moja ambalo kila mwanazuoni analitaja asubuhi na jioni. Ukimpa mhadhiri ushahidi uliopangwa vizuri, hoja mbili zilizoelezwa kwa haki, na msimamo wako pamoja na sababu zake, umefanya kazi. Ukiandika kwamba ushahidi haufikishi uhakika, hilo pia ni jibu la kitaaluma, mradi uonyeshe ni wapi unapokatikia.

Njia nyingine utakazokutana nazo zinauliza maswali tofauti. Uhakiki wa fani, uliokuzwa na Hermann Gunkel mwanzoni mwa karne ya 20, unauliza simulizi au wimbo ulitumika wapi na nani kabla ya kuandikwa. Uhakiki wa uhariri unauliza aliyeunganisha alitaka kusema nini kwa watu wake. Martin Noth alipendekeza mwaka 1943 kwamba Kumbukumbu la Torati hadi 2 Wafalme ni kazi moja ya historia, iliyohaririwa wakati Yuda imekwisha kupoteza nchi na hekalu. Mimi naipenda hii ya uhariri kuliko zote, na Namugongo, mahali walipouawa mashahidi wa Uganda, itakuonyesha sababu. Wakatoliki na Waanglikana waliuawa pamoja tarehe 3 Juni 1886, lakini kila upande una mahali pake pa hija na majina yake, 22 kwa Wakatoliki na 23 kwa Waanglikana, wakiwemo waliouawa siku nyingine na mahali pengine, na ukisikiliza mahubiri ya pande mbili siku hiyo utasikia mkazo tofauti. Hakuna anayesema moto haukuwaka. Tofauti ya masimulizi inakufundisha juu ya jumuiya zinazosimulia, na bado tukio linabaki.

Nije kwa baba yako na ile "sumu ya wazungu". Kuna sehemu mbili katika neno lake, moja si sahihi na nyingine ni ya kweli, na usiichanganye moja na nyingine.

Isiyo sahihi ni kwamba maswali haya ni ya wazungu. Katikati ya karne ya 3, Dionisio, askofu wa Aleksandria, Misri, bara letu hili, alilinganisha Kigiriki cha Ufunuo na kile cha Injili ya Yohana, maneno kwa maneno, akahitimisha kwamba havikuandikwa na mtu mmoja. Na hakuutupa Ufunuo. Alisema kuna mambo ndani yake yanayozidi akili yake, akaupokea kama kitabu kitakatifu cha Yohana mwingine. Alifanya uhakiki na kukaa askofu. Karne nyingi baadaye, huko Natal, Afrika Kusini, Mzulu aitwaye William Ngidi alikuwa akimsaidia Askofu Colenso kutafsiri Mwanzo. Walipofika kwenye gharika, Ngidi ndiye aliyemuuliza: kweli unaamini wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia wawili wawili, na Nuhu akawakusanyia wote chakula? Colenso hakuweza kumdanganya. Kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1862 kilimletea mashtaka ya uzushi. Swali lilitoka kinywani mwa Mwafrika aliyesikiliza Neno kwa makini kuliko mmisionari wake.

Hapa kwetu pia, John Mbiti alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Utafiti wake wa udaktari katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, ulilinganisha mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho na jinsi Wakamba wanavyouelewa wakati. Alitumia mbinu hizi, kisha akauliza maswali ambayo Cambridge isingeyauliza yenyewe.

Iliyo ya kweli ni kwamba mbinu hizi zimewahi kubeba sumu. Mwaka 1939, huko Eisenach, wanazuoni wa Biblia wa Ujerumani walifungua taasisi ya kuuondoa Uyahudi ndani ya Ukristo, wakati wa Hitler, na elimu yao haikuwazuia. Kuna pia dhana zinazoingizwa kimyakimya. Mtu akikuambia Isaya 45 haiwezi kuwa ya Isaya wa karne ya 8 kwa sababu inamtaja Koreshi, aliyeiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, muulize: hoja yako ni kwamba nabii hawezi kuona mbele? Hiyo ni falsafa, haikutoka kwenye maandishi. Akisema badala yake kwamba kuanzia sura ya 40 wasikilizaji wako tayari uhamishoni, Yerusalemu tayari ni magofu na Koreshi anazungumziwa kama mtu anayejulikana, hiyo ni hoja ya maandishi na inastahili kupimwa. Mimi inanishawishi. Jifunze kutenganisha aina hizi mbili, na utakuwa msomaji mzuri kuliko wengi wenye shahada.

Vivyo hivyo ile nadharia kwamba Torati iliunganishwa kutoka vyanzo vinne, iliyopata umbo lake maarufu kwa Wellhausen, mwanazuoni Mjerumani wa karne ya 19. Msiikariri kama amri. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wenyewe wameivunjavunja na kuijenga upya mara nyingi. Kilichobaki imara ni uchunguzi wa chini: Kumbukumbu la Torati 34 inasimulia kifo cha Musa, na Mwanzo 36:31 inazungumza kama mtu anayejua tayari kwamba Israeli ina wafalme. Marabi wa kale waliliona hilo la kifo, na baadhi yao wakasema aya nane za mwisho ziliandikwa na Yoshua.

Nakuambia ukweli mwingine ambao baadhi ya walimu hawausemi. Wapo waliopoteza imani katika njia hii. Wellhausen mwenyewe aliacha kiti chake cha theolojia mwaka 1882 kwa sababu aliona hawaandai wanafunzi kwa utumishi wa kanisa. Na wapo wengi zaidi wanaoendelea kuhudumu. Kanisa Katoliki, ambalo lilikuwa na hofu kubwa, liliwafungulia wanazuoni wake mlango mwaka 1943 kwa waraka wa Papa Pius wa 12. Kwa ninavyoona, kinachoamua mara nyingi ni kama mtu alibeba mzigo huo peke yake.

Baba yako ni mtu wa Uamsho, na ninyi wa Uamsho mna historia na jambo hili. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, na moja ya malalamiko yao lilikuwa mafundisho waliyoyaona yanapunguza uzito wa Maandiko. Waliogopa kanisa lenye elimu na lisilo na toba. Hofu hiyo naiheshimu. Ukienda nyumbani usianze na "profesa alisema". Kaa naye, fungueni 1 Samweli 17 pamoja, msome polepole mpaka swali la Sauli kwa Abneri, umuulize yeye anaelewaje. Msikilize hadi mwisho. Wainjilisti wa zamani wameisoma Biblia mara nyingi, na huenda swali hilo amekaa nalo miaka mingi bila mtu wa kumwambia. Kama mazungumzo ya karo ni magumu, mpitie mzee mwingine wa kanisa anayemheshimu awe kati yenu. Kwa simu mambo haya huharibika.

Kuhusu mahubiri, vijana hawakuja kusikiliza hati za Vatikano, na mimbarini usimwage daftari la darasani. Lakini usihubiri pia kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini. Ile hotuba ya Daudi, mstari wa 45 hadi 47, kwamba adui anakuja na upanga na mkuki naye anakuja kwa jina la BWANA, na kwamba vita ni vya BWANA, imo katika nakala fupi na katika ndefu. Waliokata na waliounganisha, kila mmoja aliiacha palepale. Hubiri hiyo. Na kwa kuwa Nakivale mnakaa watu wa Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia pamoja, tahadhari sana Goliathi asije akapewa sura ya jirani wa kabila lingine. Mstari wa 47 unasema BWANA haokoi kwa upanga wala mkuki, na hilo ni neno zito kwa vijana ambao wazazi wao walikimbia bunduki. Kijana akikuuliza juu ya Elhanani, mwambie umeiona aya hiyo, umweleze maelezo mawili uliyojifunza. Atakuamini zaidi kuliko ukijifanya haipo.

Kuomba kwako nako kunahitaji nafasi yake. Tenga zaburi moja ambayo huisomi kwa ajili ya darasa, uisome kwa lugha ya nyumbani, bila kalamu.

Hilo la usingizi sitaki lishughulikiwe kwa maandishi. Nenda wiki hii kwa kasisi wa chuo, umwambie ulivyoniambia mimi, kisha umwone mhadhiri wako ofisini, kwa maana huenda hajui kilichotokea. Kama usiku unaendelea kuwa mgumu, chakula hakishuki, au unajiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyohiyo kituo cha afya au kwa mshauri nasaha, usingoje mtihani uishe. Hiyo ni kazi ya daktari, na kumwona daktari hakupunguzi imani ya mtu.

Shule ya Biblia ya muda mfupi ni njia nzuri kwa anayeitwa huko. Kwako naiona kama mlango wa kukimbilia, na aya ya Elhanani itakufuata hata kule. Usiandike barua ya kuacha chuo kabla hujamaliza insha hii na kabla hujakaa na baba yako ana kwa ana. Ukishafanya hayo mawili na bado ukaona unapaswa kuondoka, niandikie tena, nami nitakusaidia kutafuta mahali.